Bomba la Mlango wa Kushoto

"Hizo ni hasira za maziwa, Mama Nasra," Shabani Beringi aliniambia mbele ya gereji nzima. "Nenda kanyonyeshe kwanza. Zikipoa, njoo tuongee."

Mtoto alikuwa mgongoni kwangu, amelala. Mkono wa kulia nilishika nyundo ndogo, na chini ya kucha za mkono wa kushoto kulikuwa na unga wa pati niliokuwa nimeukwangua kwenye bomba ambalo lilitakiwa liwe chuma kitupu. Miaka yote niliyofanya kazi mtaa wa Gerezani nimetaniwa, nimeitwa jike dume, nimeulizwa na wateja kama fundi yupo na huku nimesimama mbele yao na moto mkononi. Hayo yote yalipita. Hilo la maziwa halikupita. Niliiweka nyundo juu ya meza, nikaitungua ngao yangu ya kuchomelea pale ukutani, nikamwambia, "Kazi nimeacha. Na hilo gari haliendi kwenye mbio." Yeye akacheka. Mimi nikatoka.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Najua neno hilo ni la watu wenye mvi na kadi ya pensheni. Mimi nina miaka thelathini na kidogo, Nasra yuko chekechea na mdogo wake hana hata jino. Lakini mtu akiacha kazi aliyoifanya tangu alipotoka shule, akaiacha jumla, mnataka aiiteje? Nawaandikia nyie mnaobaki pale gereji, hasa mliokuja juzijuzi na mnadhani kuchomelea ni kujua kuwasha mashine. Mambo ya mshahara siyagusi, mnayajua. Vyeo havikuwepo.

Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hayakumfurahisha mtu nyumbani. Shangazi yangu alikuwa anauza chai na chapati kwa mafundi wa Gerezani, nikawa nambebea vyombo. Gereji ilikuwa ya Fundi Hashimu, mtu wa Lindi, mrefu, mwembamba, mkimya mpaka anakera. Asubuhi moja nilimkuta anahangaika na bomba la moshi la lori peke yake. Nilipompa kikombe hakukipokea. Akasema, "Shika hapa." Nikashika. "Usiangalie moto." Nikaangalia.

Jioni macho yaliwaka kama yamejazwa mchanga. Shangazi alinibandika vipande vya viazi huku akinitukana. Asubuhi nikarudi na macho yamevimba.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Jana uliangalia moto?"

"Hapana, fundi."

"Mbona unalia sasa?"

"Mafua."

"Haya, mwenye mafua. Njoo ushike tena. Leo angalia viatu vyangu."

Nilishika mabomba ya watu kwa muda mrefu kabla sijapewa moto. Nilikuwa naona kama ananidharau. Kumbe kushika ndiko kulikonifundisha. Chuma kikipata joto kinavuta, na anayejua kinavutia wapi ni yule aliyekishika, kwa sababu anakisikia kwenye viganja. Mpaka leo, kabla sijachomelea kitu, nakishika kwanza nione kinataka kwenda wapi.

Pale gereji kulikuwa na sheria mbili tu, na zote nyie mmezikuta. Ya kwanza, kila mchomeo ukipoa unagongwa kwa nyundo ndogo. Mchomeo ulioshika unalia. Sauti inakimbia mpaka mwisho wa bomba na kurudi. Ambao haukushika unajibu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Ya pili, kila mchomeleaji ana alama yake, na anaiweka pembeni ya kazi yake kabla rangi haijapita. Fundi Hashimu alikuwa na vidoti vitatu. Mimi nilichagua vistari viwili vilivyolala. Na mchomeo wenye alama ya mtu haukatwi, hauongezwi, hauguswi, mpaka mwenyewe aitwe. Hata kama amehamia Buguruni, hata kama mmegombana, anaitwa. Fundi alisema kazi ikiguswa na watu wawili bila kuambiana, siku ikiachia kila mmoja atamtazama mwenzake. Niishike wapi sheria hii, nilijiuliza wakati ule, inanihusu nini mimi mshika mabomba. Ngojeni.

Sasa Kiraka.

Kiraka ni lile gari la mbio mnaloliona pale ndani, jeupe na mistari ya kijani. Hakuna kiwanda kilicholitengeneza. Bodi ni ya kigari kidogo kilichokuwa kimekufa na kufugiwa kuku nyuma ya nyumba fulani Ilala. Injini ilitoka kwenye gari jingine, giaboksi kwenye jingine tena, na mikono ya mbele ilikatwa kutoka kwenye kipanya, basi dogo la abiria, kilichopinduka. Shabani ndiye aliyeyatafuta yote hayo. Wakati ule alikuwa na duka la beringi Kariakoo, ndiyo maana ya jina lake, na alikuwa na ugonjwa wa mbio za magari kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Nina hasira naye, lakini sitamnyima haki yake. Wenzake wenye uwezo walikuwa wanashusha magari ya mbio bandarini yakiwa tayari yametengenezwa. Yeye alikuja kwa Fundi Hashimu na bodi yenye mavi ya kuku, akasema, "Fundi, nataka hili likimbie." Fundi akalizunguka. Akasema, "Tutoe kuku kwanza."

Msimu wa mbio ukiisha na masika yakianza kunyesha, Kiraka lilikuwa linaingia ndani na kufumuliwa lote. Hakuna mbio wakati wa masika, barabara za vumbi zinakuwa tope tupu, kwa hiyo hiyo ndiyo nafasi ya kulijenga upya. Nyie mmezoea sakafu ya saruji. Sisi tulikuwa tunafanya kazi chini ya turubai, maji yanapita katikati ya miguu, nyaya za umeme tumezining'iniza juu kama kamba za kuanikia nguo. Kila kitu kilitoka: injini, siti, vioo, mpaka bodi inabaki kama sufuria. Halafu Fundi anauliza swali lake moja kila mwaka: "Mwaka jana lilitusumbua nini?" Watu wanasema, na linalosemwa ndilo linalotengenezwa, si jingine. Hakuruhusu mtu kuongeza kitu kwa sababu amekiona kwenye simu.

Masika ya kwanza niliyoyashuhudia, tatizo lilikuwa joto. Injini ilikuwa inachemka kila wakikaribia kumaliza. Fundi akaihamisha rejeta, akaiinamisha, akakata njia ya upepo kwenye boneti kwa patasi, taratibu, kama anakata keki. Masika yaliyofuata tatizo lilikuwa uzito. Tukatoboa kila kibati kisichobeba kitu, tukahamishia betri nyuma, vioo vya pembeni tukaweka plastiki. Mimi nilipewa kazi ya kukwangua lami ya sakafuni, ile wanayopaka kuzuia kelele. Niliikwangua mpaka mabega yakaniuma, nikajaza ndoo. Shabani alikuja kuibeba ile ndoo aone uzito wake, akaibeba kuzunguka gereji nzima anacheka kama amepewa mtoto.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuja baadaye. Kiraka likifunga breki lilikuwa linavutia kushoto. Walibadilisha breki zote, likavuta. Wakabadilisha matairi, likavuta. Idrisa, ambaye ndiye msoma ramani, anayekaa siti ya kushoto na kumwambia Shabani kona inayokuja, alisema yeye ameshazoea, kila akisema "kulia" anamaanisha "kulia na uombe Mungu." Fundi alichukua mpira mwembamba wa maji, ule ambao waashi wanapimia msingi, akaujaza maji, akapima sakafu ya gari pembe kwa pembe. Sakafu ilikuwa sawa. Akafunga uzi wa mvuvi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Sawa. Akakaa chini kwenye ndoo siku nzima. Kesho yake akasema, "Halina uzito sawa kwenye miguu. Tunahitaji mizani minne."

Gereji za wenzetu wana mizani ya magari ya mbio. Sisi tulikuwa na Mchikichini. Wale wafanyabiashara wa mitumba wana mizani ya kupimia marobota kabla hayajasafirishwa mikoani. Fundi alikuwa na mtu wake pale, akaomba mizani minne asubuhi ya Jumapili kabla wateja hawajajaa. Tulilisukuma Kiraka kwa mikono kutoka barabarani, katikati ya marobota, tukalipandisha kwenye mbao, kila gurudumu juu ya mizani yake.

"Mnauza gari kwa kilo siku hizi?" mmoja akauliza.

"Hilo ni gredi ya tatu," mwingine akadakia. "Angalia lilivyochoka kwapani. Mimi sichukui."

"Wamo na watu ndani? Hao wanauzwa pamoja nalo?"

Shabani na Idrisa walikuwa wameambiwa wakae ndani na mikanda, kwa sababu gari halikimbii bila watu. Fundi alikuwa anazunguka anasoma mizani. Akasimama upande wa kushoto.

"Idrisa, umekula nini asubuhi?"

"Supu na chapati, fundi."

"Chapati ngapi?"

"Fundi, hayo ni mambo ya nyumbani."

Soko zima likacheka. Lakini jibu lilikuwa pale kwenye mizani. Gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia yalikuwa yamebeba gari, yale mengine mawili yamesindikiza tu, kama meza yenye mguu mfupi. Fundi alikata vipande vya bomba, akaviweka chini ya springi kidogo kidogo, tunashusha, tunapima, tunapandisha tena, mpaka mizani yote ikakubaliana. Kiraka halikuvuta tena. Nimeona mafundi wengi. Sijaona mwingine ambaye angefikiria kupima gari la mbio kwa mizani ya nguo za mitumba, na akasema asante kwa kila mwenye mizani kabla ya kuondoka.

Macho ya Fundi yalianza kuchoka baada ya hapo. Moto unakula macho, lichukueni hili kwa uzito, na msije mkaniambia miwani ya jua inatosha. Kamati ya mbio ilikuwa imesema gari lisilo na kizimba halipokelewi. Kizimba ni ule mfupa wa mabomba unaojengwa ndani ya bodi, ili gari likibiringika au likigonga mti, bodi ijikunje lakini watu wabaki na nafasi yao. Fundi aliyashika mabomba, akayaangalia kwa karibu mpaka pua inagusa, akaniita kwa jina. "Tatu, hii kazi ni yako. Mimi nitashika."

Siku hiyo nilibadilishana naye. Mimi na moto, yeye ameshika, anaangalia viatu vyangu.

Mabomba yenyewe tuliyatafuta Kariakoo kwa jasho. Duka moja lilituletea bomba la maji lililopakwa rangi nyeusi. Nililipiga tupa kidogo tu, likang'aa kama bati la paa. Hilo ni la kupakwa zinki, mkilichoma linatoa moshi mweupe unaowalaza na homa, na kunywa maziwa baadaye kama mnavyofanya hakusaidii kitu. Lirudisheni. Sisi tulilirudisha. Tulipopata mabomba sahihi, nilipima kila moja juu ya miili ya watu wenyewe. Shabani upande wa kulia. Idrisa upande wa kushoto, siku nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Vuta pumzi," namwambia.

"Nimevuta."

"Toa."

"Nikitoa utapima nini?"

"Nitapima domo."

Bomba la mlango wa kushoto, lile linalopita usawa wa mbavu zake, nililirudia mara tatu kwa sababu sikulipenda. Lilipokubali nikaligonga, likalia vizuri mpaka Fundi akatabasamu, nikaweka vistari vyangu viwili. Mwaka uliofuata nikaolewa na mtu aliyekaa nyuma ya lile bomba. Ndugu zake walisema amepata mke wa chuma. Haya.

Kiraka halikuwahi kushika nafasi ya kwanza. Lakini lilimaliza. Magari ya bandarini yalikuwa yanabaki porini yanatoa moshi, sisi tunaingia tumejaa vumbi, taa moja, tunamaliza. Watu walianza kuja gereji kupiga nalo picha. Nilikuwa nikiwaona wanaweka mkono juu ya paa, natamani kuwaambia wachungulie ndani, wayaone mabomba.

Fundi Hashimu alirudi Lindi kwenye mikorosho yake, gereji akamwachia Shabani. Na sasa nafika kwenye hili.

Masika ya mwisho nilikuwa na mimba. Nilichomelea mpaka tumbo likakataa kupita mlangoni mwa Kiraka, nikaenda nyumbani Buguruni kujifungua. Wakati niko ndani ya arobaini, siti mpya za mbio zikafika kutoka nje. Nzuri, za gamba moja, zina mabega mapana ya kumkinga mtu kichwa. Ya kulia iliingia. Ya kushoto ikakataa. Bomba langu la mlango lilikuwa linaizuia kupita.

Sheria ya gereji ilisema bomba lile haliguswi mpaka niitwe. Na mila zetu zote, za Pwani na za bara, zilisema mzazi aliye ndani ya arobaini haitwi kwenye grinda na moshi. Sasa angalieni watu wema wanavyofanya kosa. Hakuna aliyetaka kunivunjia heshima. Dula, mpaka rangi wetu, ambaye mkono wake kwenye rangi sijauona kwa mtu mwingine, alilikata bomba ncha zote mbili, siti ikaingia, akalirudisha mahali pake na kulishikiza kwa vidoti viwili vya moto kila upande, tu lisianguke. Akasema kwa sauti mbele ya wote, "Hili linamsubiri Tatu." Wote wakakubali. Hakuna aliyetaka kuweka mchomeo kamili, kwa sababu kazi ni yangu. Waliheshimu alama yangu kuliko walivyoheshimu mbavu za mume wangu.

Halafu wafadhili wakataka picha. Huwezi kupiga picha na bomba lenye kovu. Dula akaziba kwa pati, ule udongo laini wa kuzibia mabonde ya bodi, akapiga msasa, akapaka rangi. Kwa kuwa ni Dula, ikatoka kama haijawahi kuguswa. Mkaguzi wa kamati akaja, akaangalia, akaona uzuri, akafunga muhuri wake wa madini ya risasi kwenye kizimba. Na kila mtu pale, kila mmoja, akaamini kwamba mwingine ameshamwambia Tatu.

Arobaini ilipoisha nilienda gereji na mtoto mgongoni, si kufanya kazi, kuwaonyesha mtoto tu. Walimbeba, walisema amefanana na Fundi Hashimu kwa ukimya. Nikalisogelea Kiraka. Mkono wangu hauwezi kupita karibu na kizimba bila kugonga, ni kama watu wanavyogusa mlango wakitoka. Nikachukua nyundo ndogo. Bomba la juu likalia. La nyuma likalia. La mlango wa kushoto likasema "dup."

Niligonga tena. Dup. Nikatafuta vistari vyangu, havipo. Nikakwangua kwa ufunguo, ukatoka unga wa pati wa rangi ya waridi.

"Dula," nikasema.

Dula akaniangalia, na usoni kwake nikaona anakumbuka. Alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mama Nasra. Wallahi nilisema linakusubiri. Niliwaambia wakwambie."

"Uliwaambia akina nani?"

Akatazama huku na huku. Wote wakatazama chini, na Idrisa, mume wangu, alikuwa miongoni mwao.

Sikupiga kelele bado. Nilisema leteni mashine, toeni siti, nitamwacha mtoto kwa shangazi, kazi ya siku moja na nusu. Hapo ndipo Shabani alipotoka ofisini. Akasema muhuri wa mkaguzi umeshafungwa; ukiukata lazima gari likaguliwe upya, na mkaguzi hana nafasi kabla ya Jumapili ya mbio. Akasema tukimbie kwanza, Jumatatu nitachomelea ninavyotaka. Akasema ni bomba moja tu. Nikamwuliza, likigonga upande wa kushoto? Akasema, "Mimi nimeendesha miaka yote hiyo nimegonga upande wa kushoto lini?" Nikamwambia akae yeye kushoto, Idrisa aendeshe. Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomkera mpaka akatoa lile neno la maziwa.

Mmeshasoma yaliyofuata.

Nyumbani Idrisa alinifuata jikoni. Ni mtu mpole, na upole wake siku ile ulinitia wazimu.

"Mama Nasra, sikutaka kukusumbua. Ulikuwa umetoka kujifungua."

"Ulikuwa unakaa nyuma ya vidoti vinne na udongo."

"Nilidhani umeambiwa."

"Na sasa umejua. Utakaa?"

Akachukua kikombe, akakisuuza. Halafu akasema mwaka huu ndio wana nafasi ya kushika nafasi tatu za mwanzo, kwamba wamelijenga lile gari toka kuku, kwamba nikienda kamati sitamharibia Shabani peke yake, nitamharibia Dula, nitaharibu jina la Fundi Hashimu na langu mwenyewe. Kila alichosema kilikuwa kweli. Nalipenda gari lile kuliko yeye anavyolipenda; yeye amekaa ndani yake, mimi nimelishika. Nilimwambia mimi sitaki awe wa tatu. Nataka saa kumi na mbili jioni ya Jumapili awe mezani hapa, ananiudhi.

Nikampigia Fundi Hashimu Lindi. Nikamweleza yote. Alikuwa juu ya paa anagongelea bati, nasikia upepo.

"Alama yako ipo?"

"Haipo, fundi. Imekatwa."

"Sasa unanipigia nikuruhusu au nikukataze? Sema haraka, ngazi inacheza."

"Nilitaka tu ujue."

"Nimejua," akasema. "Dula usimseme vibaya. Yule ana mkono." Akakata.

Mimi na mtoto tulienda ofisi ya kamati asubuhi iliyofuata. Idrisa hakutusindikiza, lakini hakutuzuia mlangoni, na alimbadilisha mtoto nepi kabla hatujatoka. Dada wa mapokezi aliniuliza kama nimekuja kwa ajili ya tiketi. Nikamwambia nimeleta malalamiko, nataka nakala yangu igongwe muhuri. Aliigonga; jibu bado nalisubiri. Nainakili hapa kama ilivyo, ili siku ikiwakuta nyie mjue kwamba inaandikika.

Mwenyekiti,
Kamati ya Ukaguzi wa Magari ya Mashindano.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA GARI LINALOITWA KIRAKA, NA DHIDI YA UKAGUZI WAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mchomeleaji niliyejenga kizimba cha gari hilo. Nalalamika kwamba bomba la mlango wa kushoto lilikatwa nikiwa uzazini, likashikizwa kwa vidoti vinne, likazibwa kwa pati na kupakwa rangi. Halijachomelewa. Mkaguzi wenu alilipitisha kwa kuliangalia bila kuligonga, akafunga muhuri juu yake.

Mmiliki ameambiwa na amekataa kulifungua kabla ya Jumapili.

Sidai kwamba kuna mtu aliyekusudia ubaya. Waliofanya kazi hii ni mafundi wazuri, na gari hili ni zuri kuliko mengi mtakayoyaona kwenye mstari wa kuanzia. Nalalamikia bomba moja. Anayekaa nyuma ya bomba hilo ni mume wangu. Hajanituma, na hajafurahi.

Naomba yafuatayo. Muhuri ukatwe. Rangi ikwanguliwe mbele ya mkaguzi na mbele ya mmiliki. Gari lisianze mbio mpaka bomba hilo lichomelewe na ligongwe. Mkaguzi aagizwe kugonga kila kizimba, si hiki tu.

Nimeacha kazi katika gereji hiyo jana, kwa hiyo hakuna wa kunilazimisha wala wa kunizuia. Iwapo mmiliki atakubali bomba lirudiwe, naomba aambiwe aniite. Nakaa Buguruni. Nina mtoto mchanga, mashine naweza kuazima, na nitakuja saa yoyote nitakayoitwa.

Tatu, mchomeleaji.